Mkwe Asiyepika

Doña Clotilde Querevalú alifika gatini Los Órganos saa moja kasoro asubuhi, siku ya Jumamosi, amevaa viatu vya visigino. Mimi nilikuwa nyuma ya boti yangu nakaza bomba la mafuta, mikono imejaa grisi. Nilipomwona anateremka ngazi za gati kwa madaha, mkoba kaukumbatia kifuani, hereni za dhahabu zinacheza, nilijua hakuja kutazama nyangumi. Alikuja kunitazama mimi.

Nyuma yake alikuja mwanawe, Aníbal, kabeba jaketi la kujiokolea ambalo mama mtu alikuwa amekataa kulivaa. Macho yetu yakakutana. Tangu alfajiri nilikuwa nimeuonya moyo wangu utulie, lakini ulipomwona ukasahau maonyo yote. Nikainama tena kwenye bomba la mafuta, ambalo lilikuwa limeshakazwa zamani.

"Shikamoo, Doña Clotilde," nilisema.

"Marahaba. Boti inaitwaje hii?"

"Don Sixto. Jina la marehemu baba yangu."

"Boti hupewa jina la mwanamke."

"Za wanaume, ndiyo," nilimjibu. "Hii ni ya mwanamke."

Aníbal akakohoa. Mama yake akanitazama kuanzia buti za mpira hadi kofia, macho yakasimama kidogo kwenye ile grisi ya mikononi, kisha akapanda bila kuushika mkono wangu. Alikwenda moja kwa moja kwenye kiti cha mbele, kile ambacho abiria wote hukigombania, akakaa kama aliyealikwa mezani.

Na kwa kweli ndivyo ilivyokuwa. Kwetu, mwanaume haleti pete mpaka mama yake ale kwanza nyumbani kwa msichana. Mama huyo anakuja na sura ya msibani, anapakuliwa ndizi za kuponda na nyama kavu, anawekewa kibuyu cha pombe ya mahindi, na familia nzima inajifanya inaongea habari za mvua huku jicho liko kwenye sahani yake. Akibakiza, mambo yameisha na hakuna atakayeuliza kwa nini. Akiomba sahani ya pili, shangazi wanaanza kushona gauni. Hakuna anayetamka neno. Sahani ndiyo inayosema.

Mimi nilikataa kupika. Nilimwambia Aníbal waziwazi, "Mimi na jiko hatujuani. Mama yako akila chakula changu atanichukia kwa haki. Akitaka kunijua, aje anione pale ninapojulikana."

Aníbal alicheka sana. Kisha akaacha kucheka, akasema, "Unasema kweli?"

"Mwambie sahani yangu iko baharini."

Wiki tatu alizunguka na ujumbe huo kabla ya kuufikisha. Sasa mama alikuwa hapa, amekuja kuonja.

Tuliondoka na abiria kumi na mmoja. Walikuwamo maharusi kutoka Arequipa walioshikana mikono kana kwamba mmoja angeibiwa, na bwana mmoja mnene wa Lima, mwenye kofia ya majani na kamera ndefu kama bomba la maji. Kabla ya kuwasha mashine nilifunga kamba nyekundu kwenye kifundo cha mkono wangu. Kila nahodha wa boti ya mashine anayo kamba hiyo. Upande mmoja unafungwa mkononi, upande wa pili unachomekwa kwenye mashine, ili nahodha akianguka majini mashine izime yenyewe. Yangu, niliyoachiwa na baba, imekwishapauka kwa chumvi. Miaka saba nimeifunga, na ngozi chini yake imebaki nyeupe kuliko mkono mzima.

Tulipita kwenye jukwaa kuukuu la mafuta, tukawatazama simba-bahari wakigombea kivuli na kupiga kelele. Aníbal alisimama katikati ya boti akawaelezea wageni. Jamani, mtu huyu akiongea habari za wanyama! Sauti inashuka, mikono inachora hewani, na hata yule bwana wa Lima aliacha kamera akasikiliza. Nilikuwa usukanini, mgongo umenyooka, nasikia fahari mpaka kooni. Huyu ni wangu, nilijisemea. Na boti hii anamosimama ni yangu.

Miaka mitatu alikuwa mbali, Punta Arenas, kusini kabisa mwa Chile, ambako nyangumi wetu huenda kula katika maji ya baridi. Alikuwa amepata kazi ya kuwahesabu. Wengi hapa waliniambia nisahau, kwamba msomi akishaondoka harudi kwa binti wa mvuvi. Mwaka wa kwanza, mwezi wa pili, alinitumia picha ya mkia wa nyangumi, mweusi, wenye doa jeupe kama mtandio uliotupwa begani. Chini yake aliandika: "Mantilla yuko huku. Kanona. Nimemwambia akusalimie." Mantilla, yaani mtandio, ndilo jina tulilompa nyangumi huyo pamoja, mimi na yeye, tulipokuwa bado tunamficha mama yake mapenzi yetu. Mwezi wa nane nilimwona Mantilla hapa, mbele ya macho yangu, na nikaulilia mkia wa samaki mbele ya wageni kumi na wawili. Najua si samaki, Aníbal kanisahihisha mara mia. Hivyo ndivyo tulivyosubiriana. Yeye akimwona upande ule, mimi nikimwona upande huu.

"Delmira," aliniita Doña Clotilde kutoka kiti cha mbele, bila kugeuka. "Njoo hapa uongee nami. Usukani mpe Aníbal."

"Nikiwa kazini siachi usukani, Doña Clotilde. Naomba usogee wewe, kiti hiki cha karibu kiko wazi."

Nilidhani angekataa. Akainuka, visigino vikateleza, akashika reli, akaja. Alipokaa, aliinama akavua vile viatu na kuvitia ndani ya mkoba bila kumtazama mtu.

"Una kiburi," alisema.

"Ninacho."

"Marehemu mama yako alikuwa nacho pia. Alikuwa anauza ceviche ya samaki sokoni, ukimwambia limau limezidi anakunyang'anya sahani."

"Limau lilikuwa halijazidi."

Mdomo wake ukataka kucheka, akaukataza. "Haya. Mimi si mgumu kama watu wanavyosema. Nimewaza, msichana ana boti, boti ni mali, sioni ubaya. Na kwa kuwa mkishaoana boti ataiendesha Aníbal, na wewe utakaa na mimi dukani kwangu kuwapokea wageni, basi hilo la kupika utajifunza polepole."

Sikusikia mashine tena. Sikusikia hata upepo.

"Nani kasema hivyo?"

"Mwanangu. Jana mezani."

Aníbal alikuwa hatua tatu kutoka kwetu, anamwonyesha bibi harusi wa Arequipa mahali pa kutazama. Alisikia. Niliona masikio yake yakibadilika rangi.

"Aníbal," nilisema.

Alikuja. Akasimama kati yetu, mwanaume wa miaka thelathini na mbili, akawa kama aliyefumaniwa anadokoa mezani.

"Ulimwambia mama yako nitaacha bahari?"

"Delmira, sikiliza…"

"Ulisema au hukusema?"

"Nilisema." Alishusha sauti. "Alikuwa amekataa kuja. Amekataa katakata. Nikafikiri, nimwambie lolote, apande tu, akikuona mwenyewe ataelewa."

"Kwa hiyo umemkaribisha mezani kwangu kwa kumwahidi kwamba meza itavunjwa."

"Ni neno tu lilinitoka…"

"Si neno. Ni mimi." Nilishika usukani kwa mikono yote miwili. "Miaka mitatu watu walinicheka hapa gatini. Ungeniambia umechoka kunisubiri, ningelia nikaelewa. Lakini kunigawa mezani kama kipande cha nyama, kisha ukaja asubuhi kunitazama machoni! Hapana, Aníbal."

"Gua!" alisema Doña Clotilde, mkono kifuani. "Mwanangu anaambiwa hivyo mbele yangu?"

"Nyangumi!" akapiga kelele bwana wa Lima. "Pale! Pale!"

Mvuke uliruka juu ya maji, mbele yetu kushoto, kisha mwingine mdogo pembeni yake. Mama na mtoto. Mgongo mkubwa ukajikunja taratibu, na ubavuni, umemgusa kabisa, ukaonekana mgongo mdogo wa kijivu. Watu wote wakasimama. Nikapunguza mwendo, nikachomoa kamba nyekundu kwenye mashine. Ikazima.

"Mbona umezima?" aliuliza bwana wa Lima. "Tuko mbali!"

"Tuko mita mia mbili, bwana. Penye mtoto siendi karibu zaidi."

"Wale wanakwenda!"

Ilikuwa kweli. Boti mbili zilikuwa zimetupita kwa kasi, moja kila upande, watu wamesimama na simu juu, mashine zinanguruma. Sitaji ni za nani. Manahodha wenyewe nawajua, na wake zao nawajua.

Mwaka wangu wa kwanza na mimi nilifanya hivyo. Nilimkimbiza mama mwenye mtoto nusu saa nzima, abiria wakanishangilia, wengine wakanibusu. Mtoto alichoka mpaka akashindwa kuibuka sawasawa, mama akawa anamwinua kwa mgongo ili apate pumzi. Makofi yale yalinitia aibu ambayo haijaniisha, na tangu siku ile mita mia mbili zangu hazijawahi kupungua.

"Sogea," alisema Doña Clotilde.

"Hapana, Doña Clotilde."

"Umenileta kuonja. Mimi naona pumzi tu kwa mbali. Hii ndiyo sahani yako? Mchuzi bila nyama?"

Abiria wawili watatu wakacheka. Bwana wa Lima akasema safari hii ni ya hovyo, atawaambia wenzake wote. Uso wangu uliwaka moto. Kila kitu nilichokuwa nakitaka kilikuwa kwenye boti ile. Ningesukuma mashine kidogo, mita mia tu, mama yule angepata nyangumi wake, abiria wangepiga makofi, na mimi ningepata mume. Mita mia tu.

"Hapana," nilisema tena.

Doña Clotilde akamgeukia mwanawe. "Aníbal. Wewe ni mwanaume au ni abiria? Shika usukani huo. Kama boti itakuwa yako, anza leo."

Aníbal akanitazama. Nilitoka usukanini. Nikasogea pembeni hatua moja kamili ili kila mtu aone sikumzuia.

"Usukani huo hapo," nilimwambia. "Unajua kuuendesha, nilikufundisha mwenyewe. Lakini ukiisogeza boti hii mbele hata urefu wa mkono, pete yako mpe mtu mwingine."

Alikuja. Akasimama mahali ninaposimama mimi kila siku. Kamba nyekundu ilikuwa inaning'inia mkononi mwangu, nusu imefunguka kwa jinsi nilivyoichomoa kwa hasira. Aliinyoosha mikono yake, na mimi nikafumba macho, kwa sababu sikutaka kumwona mpenzi wangu anaifungua kamba ya baba yangu.

Nilisikia fundo likikaza.

Nilipofumbua macho, Aníbal alikuwa ameinama mkononi mwangu, anaifunga upya ile kamba, taratibu, fundo la kwanza, fundo la pili. Hakuniangalia. Alikuwa anaongea na mama yake.

"Mama, jana nilikudanganya. Nilikuogopa. Boti hii haitakuwa yangu hata siku moja. Mwenyewe ni huyu, na akiniruhusu, mimi ndiye ninayeomba kupanda." Kisha akanitazama, macho yamejaa. "Nisamehe, nahodha. Niliona haya kwa kitu ambacho kilipaswa kunitia fahari."

Ningemjibu ningelia, na mbele ya mama yake sikutaka kulia.

"Teremsha sikio," nilimwambia.

Sikio ndivyo tunavyokiita kile kinasa sauti cha majini, kidude kama limau kilichofungwa kwenye waya mrefu. Aníbal alikichukua upesi, akakishusha ubavuni mwa boti, akafungua spika iliyo chini ya kiti. Kwanza zikasikika mashine za zile boti mbili, kali, zinakwaruza masikio. Tukamwona mama nyangumi akimzunguka mtoto, akageuka, akainua mkia. Mweusi. Doa jeupe kama mtandio begani.

"Mantilla," alisema Aníbal kwa sauti ya chini.

"Kazaa," nilisema mimi.

Mkia ukazama bila kurusha tone. Zile boti mbili zikazunguka patupu, zikazunguka tena, zikakata tamaa, zikaondoka kwa kasi kutafuta wengine. Kelele zao zikafifia ndani ya spika, zikaisha. Na pale kimya kilipokaa, kutoka chini sana, kutoka kwa dume ambaye hatukumwona na wala hatukuwahi kumwona siku ile, ukaja wimbo.

Ulianza kwa mlio mzito, mrefu, ambao ulipita kwenye mbao za boti ukatufikia miguuni kabla ya masikioni. Ukapanda, ukalia kama mlango wa kanisa usiotiwa mafuta, ukashuka tena. Bwana wa Lima alivua kofia. Bibi harusi wa Arequipa alianza kulia na mumewe akawa hajui amfute na nini.

Nilimtazama Doña Clotilde. Alikuwa ameinama, nyayo zake tupu zimekandamiza sakafu ya boti, kiganja kimelala juu ya ubao kama mtu anayepima homa ya mgonjwa.

"Mbao zinaimba," alisema.

"Ni nyangumi dume, mama," alisema Aníbal. "Yuko labda kilomita mbili, lakini majini…"

"Nyamaza, mwanangu." Hakuwa mkali. "Hipólito alikuwa akirudi kutoka baharini ananiambia, Clotilde, leo mbao ziliimba. Alisema, nililala juu ya chombo, nikaweka sikio, zikaimba. Mwezi wa nane, mwezi wa tisa, kila mwaka. Na mimi nikamwambia umelewa. Miaka ishirini na nane nilimwambia mume wangu umelewa. Nikawaambia na dada zake. Alipofika mwisho aliacha kuniambia, akawa anaingia ndani, anakaa, ananyamaza." Alipapasa ubao tena. "Hakuwa amelewa."

Wimbo uliendelea. Mashine ilikuwa imezimwa, nikauacha usukani, nikaenda nikachuchumaa mbele yake. Sikujua la kusema, kwa hiyo nilisema lililo kweli.

"Baba yangu naye alizisikia. Walikuwa wanavua pamoja wakati mwingine. Alisema Don Hipólito ndiye aliyemfundisha kuweka sikio."

Aliinua uso akanitazama. Hereni zake zilikuwa zimetulia.

"Ungesogea kule," alisema, "tungesikia?"

"Tungesikia mashine yetu tu."

Akaitikia kwa kichwa. Tulikaa pale mpaka wimbo ukaenda mbali, kisha nikachomeka kamba, nikawasha, nikawarudisha wageni wangu nyumbani.

Gatini walishuka mmoja mmoja. Bwana wa Lima alinipa mkono wa kuomba radhi, kofia yake bado kaishika. Aníbal alishuka wa mwisho, akasimama juu ya ngazi, akanyoosha mkono kumpokea mama yake. Hakuthubutu kuninyooshea mimi. Nilikuwa bado sijamsamehe kikamilifu na yeye alijua, lakini nilikuwa nimeanza, na nadhani hilo pia alilijua, maana hakuondoa macho kwangu.

"Mama, tushuke."

Doña Clotilde hakuinuka. Alikuwa amekaa kiti kile kile cha karibu na usukani, miguu peku, mkoba sakafuni.

"Safari nyingine inaondoka saa ngapi?" aliniuliza.

"Saa nne, Doña Clotilde."

"Itakwenda kule kule?"

"Nitakwenda watakakokuwa. Kwa mbali."

"Kwa mbali," alirudia. Akanyoosha mgongo, akapanga sketi yake juu ya magoti, na akasema kwa sauti ambayo gati zima lilisikia, wachuuzi wa samaki, wapiga rangi, na shangazi yangu aliyejifanya anasubiri barafu: "Basi nipakulie tena."

Jaketi la kujiokolea lilimponyoka Aníbal mkononi, likaanguka ndani ya boti. Shangazi yangu alipiga kigelegele, akajiziba mdomo, akashindwa, akapiga kingine.

Mimi nililiokota lile jaketi, nikalikung'uta maji.

"Asubuhi nilikuonea haya, lakini kwenye boti yangu hakuna anayekaa bila hili," nilimwambia. "Vaa kwanza, mama."

Lile neno lilinitoka lenyewe. Doña Clotilde alilisikia. Akanitazama mimi, akaitazama kamba nyekundu mkononi mwangu na mafundo mawili ya mwanawe, kisha akanyoosha mikono yote miwili mbele, na mimi nikamvalisha.